Mjadala: Neno la mwaka 1215 lilizua imani mpya kuhusu Ekaristi, au lilituliza ugomvi wa zamani?

MLETA MADA

Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa ndugu zangu wa madhehebu mengine, Bwana Yesu asifiwe.

Naomba tujadili jambo moja bila kurushiana maneno. Kila mwaka ifikapo sikukuu ya Mwili na Damu Takatifu ya Kristo, tukitoka kanisani na Sakramenti Kuu, tukiimba njia nzima na watoto wakimwaga maua, sikosi kukutana na mtu wa kuniambia: "Hayo ya mkate kugeuka mwili aliyatunga Papa mwaka 1215." Pembeni Mkatoliki mwenzangu humjibu: "Acha uongo, Kanisa limefundisha hivyo hivyo tangu Karamu ya Mwisho." Nimefundisha historia sekondari mpaka nikastaafu, na majibu yote mawili yananiuma. Yanaruka karne nne za watu waliokesha wakilifikiria jambo hili, mmoja wao hadi kulazimishwa kuapa maneno ambayo moyo wake uliyakataa.

Msimamo wangu ni huu. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mkutano mkuu wa maaskofu uliofanyika Roma mwaka 1215, haukuzua imani kwamba Kristo yumo kweli katika Ekaristi. Mtaguso ulichagua neno, la kugeuka dhati, yaani kile kitu kilicho chenyewe, si kinavyoonekana. Na ukilisoma neno lile pamoja na yaliyolitangulia, utaona lilikuja kupoza.

Tuanzie Corbie, kaskazini mwa Ufaransa, karne ya 9. Mmonaki Paschasius Radbertus aliandika kitabu kuhusu Mwili na Damu ya Bwana kati ya 831 na 833, kwa ajili ya wenzake wa monasteri mpya ya Corvey, huko Saksonia, ambako Ukristo ulikuwa bado mchanga. Akasema waziwazi kwamba mwili ulioko altareni ni ule ule uliozaliwa na Maria, ukateswa msalabani na kufufuka kaburini. Miaka kama kumi baadaye mfalme Charles, yule aliyeitwa Mwenye Upara, akamwuliza mmonaki mwingine wa nyumba hiyo hiyo, Ratramnus: wanachopokea waamini kinywani ni mwili wa Kristo kwa fumbo, au kwa uhalisi? Ratramnus akajibu kwamba ni mwili wa Kristo, lakini kwa fumbo na kwa nguvu ya Roho. Sio kwa namna ile ulivyoonekana na kuguswa Palestina.

Ona sasa. Radbertus akaja kuwa abati wa monasteri hiyo, yaani mkuu wa Ratramnus, na Ratramnus hakuhukumiwa maisha yake yote. Kila mmoja alikuwa na mababa wa Kanisa upande wake. Wa Radbertus walinukuu Ambrose: neno la Kristo lililoweza kuumba kisichokuwapo, litashindwaje kukigeuza kilichopo? Wa Ratramnus walinukuu Augustino, aliyewaambia Wakristo wapya kwamba kilichowekwa mezani ni fumbo lao wenyewe, wawe kile wanachokiona na wapokee kile walicho. Kanisa liliishi na sauti zote mbili karne mbili nzima.

Mambo yaliharibika karne ya 11. Berengar wa Tours, mwalimu wa sarufi na mantiki, alisoma kitabu cha Ratramnus akidhani kimeandikwa na John Scotus Eriugena, msomi mwingine wa karne ya 9, akakikubali. Hoja yake ilikuwa ya mwalimu hasa. Ukisema "mkate huu ni mwili wangu," kisha mkate ukawa haupo tena, sentensi yako imepoteza kiima. Tena mwili wa Kristo uko mbinguni, mzima, hauwezi kukatwa vipande na kugawiwa duniani. Mwaka 1050 alihukumiwa Roma na Vercelli, na kitabu kile kikahukumiwa pamoja naye, kwa jina la mtu ambaye hakukiandika.

Mwaka 1059 akaitwa Roma tena, mbele ya Papa Nikola wa Pili. Kardinali Humbert akamwandikia kiapo cha kusoma. Naomba mkisome polepole: kwamba mwili wa kweli wa Bwana, sio kwa sakramenti tu bali kwa uhalisi na kwa hisia za mwili, hushikwa kwa mikono ya mapadre, humegwa, na kusagwa kwa meno ya waamini.

Kusagwa kwa meno. Hayo yalitoka Roma, kwa mdomo wa Kanisa lenyewe.

Berengar alirudi Ufaransa akayakana. Lanfranc, aliyekuja kuwa askofu mkuu wa Canterbury, aliandika kumpinga, naye Berengar akamjibu kwa kitabu kirefu ambacho kilipotea machoni pa watu hadi Lessing, mwandishi Mjerumani, alipokikuta katika maktaba ya Wolfenbüttel mwaka 1770. Basi mwaka 1079, chini ya Papa Gregori wa Saba, Berengar aliapishwa upya. Safari hii kiapo kilisema mkate na divai vinageuzwa kwa dhati yake kuwa mwili na damu ya Kristo. Linganisheni viapo viwili. Meno yametoka, dhati imeingia. Miaka 20 ilitosha kwa Kanisa kung'amua kwamba lilikuwa limesema vibaya, hata kama halikukiri hivyo.

Nomino yenyewe, transsubstantiatio, yaani kugeuka kwa dhati, ikaanza kusikika katika shule za katikati ya karne ya 12, na 1215 kitenzi chake kikaingia kwenye kanuni ya kwanza ya Laterano, iliyoandikwa hasa kuwajibu Wakatari, watu waliofundisha kwamba vitu vya mwili na udongo ni kazi ya yule mwovu. Kumwambia Mkatari kwamba Mwana wa Mungu anajitoa katika maumbo ya mkate na divai ni kumwambia kwamba ngano na zabibu si za shetani.

Kwa hiyo swali: Kanisa lilikosea kuliweka neno hilo kwenye kanuni ya imani? Karibuni.

MCHANGIAJI WA KWANZA (Mlutheri, Arusha)

Amina, mwalimu. Nimekusoma mpaka mwisho na nimejifunza, hasa hilo la viapo viwili. Lakini naona umemshinda mpinzani ambaye si mimi. Sisi Walutheri hatusemi Kristo hayumo. Martin Luther alipokutana na Zwingli, mwanamatengenezo wa Uswisi aliyeona mkate ni ishara tu, kule Marburg mwaka 1529, aliandika mezani kwa chaki "Huu ni mwili wangu" na hakukubali kusogea hata nukta moja. Kwenye Meza ya Bwana tunampokea Kristo mwenyewe, katika mkate, pamoja na mkate, chini ya mkate.

Malalamiko yetu ni kuufanya ufafanuzi wa shule kuwa sharti la imani. Na si Luther wa kwanza kuona tatizo. Yohane Duns Scotus, mwanateolojia wa Kifransisko, alisema wazi kwamba anashika fundisho hili hasa kwa sababu Kanisa limeamua, maana Maandiko peke yake yangeweza kufahamika kwa njia nyepesi zaidi. William wa Ockham naye aliona kwamba mkate kubaki pamoja na mwili kuna ugumu mdogo kwa akili. Pierre d'Ailly, kardinali, aliandika kwamba mkate ukibaki mkate miujiza inapungua, lau Kanisa lisingeamua vinginevyo. Luther alimsoma d'Ailly akiwa kijana na ndiye anayemtaja katika maandishi yake ya mwaka 1520. Sasa niambie, mwalimu: kama vichwa vikubwa vya Kanisa lenu vilikuwa vinashika jambo hili kwa utii tu, kwa nini mkulima wa Meru afungwe na falsafa ya Aristotle ndipo ale chakula cha Bwana?

MLETA MADA

Ndugu yangu, la Scotus nakubali, na nilitegemea ulilete. Ni kweli walishika kwa utii, na sioni aibu kwa mtu kusema "akili yangu ingekwenda kule, lakini nakaa na wenzangu."

La Aristotle sikubaliani nawe. Watu wengi wanaamini kwamba Laterano ilimeza falsafa yake nzima. Angalia tarehe. Mwaka 1210 maaskofu wa jimbo la Sens, wakiwa Paris, walikataza vitabu vya Aristotle vya elimu ya asili visisomeshwe. Na mwaka 1215, mwaka ule ule wa Mtaguso, kanuni za shule za Paris zilizotolewa na mjumbe wa Papa, Robert wa Courçon, zilikataza Metafizikia yake. Wangemwingizaje kwenye imani mtu ambaye walikuwa wamemfungia nje ya darasa? Walichokuwa nacho tangu zamani ni mantiki yake, kupitia Boethius, na hiyo Berengar aliitumia kuliko mtu yeyote.

Kisha akaja Thomas wa Akwino, ambaye kweli alimsoma Aristotle wote. Na hapa alimvunja. Kwa Aristotle, weupe hauwezi kuwapo bila kitu cheupe. Thomas akasema kwa uwezo wa Mungu maumbo ya mkate yanabaki, rangi, ladha, uzito, bila dhati ya mkate kuyabeba. Anayemtetea Aristotle kwa nguvu katika hoja hii ni John Wyclif, kule Oxford karibu mwaka 1380. Huyo ndiye aliyesema maumbo yasiyo na kitu cha kuyabeba ni upuuzi, kwa hiyo mkate unabaki.

Ninachokipenda kwa Thomas ni kwamba aliirudia ile aibu ya 1059 akaifunika kwa heshima. Katika sehemu ya tatu ya Summa, kitabu chake kikubwa cha teolojia, anauliza: je, mwili wa Kristo humegwa? Anajibu hapana, kinachomegwa ni maumbo, na kwamba kile kiapo cha Berengar kifahamike hivyo, kwamba kumega na kutafuna vinahusu maumbo ya sakramenti. Anasema pia mwili wa Kristo haumo katika Hostia kama kitu kilivyo ndani ya chombo, haujabanwa mle, haubebwi huku na kule kama mzigo. Padre anapotembea na Sakramenti Kuu, kinachosogea ni maumbo. Mimi nikisoma hayo sioni uchawi. Naona mtu anayetulinda tusimfikirie Kristo kama nyama.

Na Kiswahili kimetusaidia sana hapa. Mkulima wa Meru akisema "nia ya dhati" anajua anachosema bila kumsoma Mgiriki yeyote. Akisikia "maumbo ya mkate na divai" anaelewa. Hajafungwa na shule.

MCHANGIAJI WA PILI (mwanachuo, Mwanza)

Shikamoo mwalimu. Mimi nina swali la mtoto, msinicheke.

Nimelelewa karibu na nyumba ya masista wanaotengeneza hostia. Likizo tulikuwa tunawasaidia. Ni unga wa ngano na maji, basi, hakuna chumvi wala hamira. Unamimina uji mwepesi kwenye pasi ya chuma yenye alama ya msalaba, unafunga, unasikia unalia chwiii, dakika moja unatoa karatasi nyeupe inayovunjika ukiitazama vibaya. Zinalazwa mahali penye unyevu kidogo ili zisipasuke, ndipo zinakatwa duara duara. Makombo ya pembeni tulikuwa tunapewa sisi, tunajaza mifuko ya sketi. Mimi najua ladha ya ile kitu kuliko ladha ya mkate wa dukani.

Halafu Jumapili naipokea ile ile, ladha ile ile, napiga magoti. Siku ya Komunyo ya kwanza nilimwuliza katekista: panya akiingia kwenye tabernakulo akala, amekula nini? Nilifukuzwa darasani. Hadi leo sijajibiwa.

MLETA MADA

Marahaba mwanangu. Nani akucheke? Aliyekufukuza alikosea, maana swali lako liliulizwa Paris, Oxford na Bologna, na maprofesa wenye ndevu. Peter Lombard, ambaye kitabu chake cha Sentensi kilifundishiwa teolojia karne nyingi, aliliandika kabisa: basi panya anapokea nini, anakula nini? Na jibu lake ni maneno mawili: Mungu ajua.

Thomas alikwenda mbele zaidi. Alisema maadamu maumbo ya mkate yapo, Kristo yupo, hata mnyama akiyala. Lakini panya hali sakramenti kama sakramenti, kwa sababu kupokea si kazi ya meno tu, ni kazi ya imani, na panya hana namna ya kujua anachokigusa. Wala Kristo hapatwi na lolote. Wakati maumbo yanapoharibika, yakiwa si mkate tena machoni, uwepo ule umekoma. Bonaventura, rafiki yake wa zama zile, hakupendezwa na jibu hilo, aliona linakwaza heshima. Kwa hiyo hata watakatifu walitofautiana juu ya panya wako.

Kuhusu ladha: ndivyo fundisho linavyosema. Ulimi wako haudanganyiki. Ladha ya ngano ni ladha ya ngano kweli.

MCHANGIAJI WA TATU (muuguzi, Bukavu)

Ninyi mnaongea ya vitabu, na ni vizuri. Mimi nawaletea ya wodi.

Tulikuwa na mama mmoja mgonjwa wa koo, hawezi kumeza hata uji. Akaomba Komunyo. Baba padri alikuja jioni, akamega Hostia hadi ikabaki chembe kama punje ya mchele, akaiweka kwenye kijiko na maji kidogo, nikamwinua kichwa. Ilichukua muda mrefu kushuka. Kisha akaniuliza kwa sauti ambayo ilikuwa karibu haipo: "Nimempata wote?" Padri akamjibu: "Wote, mama. Hajagawanyika."

Wakati ule sikujua kama hilo ni fundisho la mtu fulani. Baadaye niliona maneno ya utenzi wa Kilatini wa Thomas kwa ajili ya sikukuu hii, Lauda Sion: sakramenti ikimegwa usitikisike, ukumbuke kwamba katika kipande kuna sawa na kilichofunikwa katika nzima. Nikalia. Kama ni falsafa, ilimfikia mama yule kwenye kijiko.

MCHANGIAJI WA NNE (Mworthodoksi, Nairobi)

Dada, hadithi yako imenigusa. Sisi Waorthodoksi tunapokea kwa kijiko kila siku ya Liturujia, mkate uliotiwa chachu ndani ya kikombe cha divai, na watoto wachanga wanapokea. Hatukuhitaji neno la 1215 ili tusadiki, ingawa kwa ukweli niseme kwamba sinodi yetu ya Yerusalemu ya mwaka 1672 ilitumia neno la Kigiriki lenye maana hiyo hiyo.

Mwalimu umemtaja Kardinali Humbert na kiapo cha meno. Ongeza kwamba ndiye huyo huyo aliyeweka hati ya kumtenga Patriarki wetu na Kanisa juu ya altare ya Hagia Sophia, kanisa kuu la Konstantinopoli, tarehe 16 Julai 1054, na moja ya magomvi yake ni kwamba tunatumia chachu. Huyu mtu aligombana na Ekaristi ya kila mtu.

MCHANGIAJI WA TANO (Dar es Salaam)

Naona mnasifiana. Mimi nitasema lisilosemwa.

Mwaka 1298, Röttingen, kule Franconia, Ujerumani: Wayahudi walisingiziwa kwamba wameiba Hostia na kuichoma visu ikatoa damu. Mtu anayetajwa kwa jina la Rintfleisch akaongoza genge, na mauaji yakasambaa mji hadi mji, maelfu wakafa. Deggendorf, Bavaria, 1338: Wayahudi wa mji wakauawa, kisha ikatungwa hadithi ya Hostia kuhalalisha, likajengwa kanisa, na mahujaji wakaja kwa karne nyingi. Hija ile ilifutwa na askofu wa Regensburg mwaka 1992. Mwaka 1992! Brussels, 1370, hivyo hivyo, watu wakachomwa moto.

Na Mtaguso huo mnaousifu kwa neno lake zuri ndio ulioagiza, katika kanuni ya 68, Wayahudi wavae mavazi ya kuwatofautisha. Mwalimu, neno lilipoza nini?

MLETA MADA

Nimekaa na ujumbe wako tangu jana.

Sina utetezi, na sitatafuta. Yaliyotokea Röttingen na Deggendorf yalifanywa na Wakristo waliopiga magoti mbele ya Hostia ile ile ninayopiga magoti mimi. Kanuni ya 68 ipo, nimeisoma.

Nitasema kitu kimoja, na nisieleweke kwamba napunguza. Mashtaka yale yalikuwa uongo hata kwa mizani ya teolojia ya wakati ule. Myahudi haamini kwamba Kristo yumo katika Hostia; angeichoma kisu ili iweje? Na Thomas alikuwa ameshaandika, miaka zaidi ya 20 kabla ya Röttingen, kwamba Kristo katika sakramenti hawezi kuumia, na kwamba hata ikionekana nyama au damu katika Hostia, hiyo si sura ya Kristo mwenyewe alivyo mbinguni. Maana yake wasomi walikuwa na maneno ya kumwambia kila mchochezi: unachohubiri hakiwezekani, mwili wa Kristo hautoki damu kwa kisu chako. Maneno yalikuwepo. Yalibaki Paris na Napoli, kwenye meza za kusomea, na watu wakachomwa Franconia. Kwangu hilo ndilo linalotisha kuliko yote katika historia hii, kwamba jibu sahihi lilikuwepo na halikufika kwa aliyekuwa anakimbia usiku na watoto wake.

Kwa hiyo umeniuliza lilipoza nini. Lilipoza ugomvi wa wasomi. Kwa watu wa kawaida halikufika, na viongozi hawakulifikisha. Hapo narekebisha nilichoandika mwanzo.

MCHANGIAJI WA KWANZA (Mlutheri, Arusha)

Mwalimu, nakupa heshima kwa jibu hilo. Na linanirudisha kwenye kikombe, maana naona ni ugonjwa ule ule: wanaojua wanajua, watu wanaachwa.

Kuanzia mwanzo wa karne ya 13, Paris, padre alianza kuinua Hostia juu baada ya mageuzo ili watu waione. Watu wakawa wanakimbia kanisa hadi kanisa kuwahi kuona tu. Kula walikuwa hawali. Ndiyo maana Laterano hiyo hiyo ikalazimika kuamuru kila mtu apokee walau mara moja kwa mwaka, Pasaka. Hata sikukuu yenu nzuri, aliyoiombea Juliana wa Liège na Papa Urbano wa Nne akaitangaza kwa Kanisa lote mwaka 1264, ilikuwa kwa wengi siku ya kutazama. Divai nayo ikabaki kwa padre peke yake. Na Jakoubek wa Stříbro alipoanza kuwapa watu kikombe kule Prague mwaka 1414, Mtaguso wa Konstanz ukakataza tarehe 15 Juni 1415. Wiki tatu baadaye, tarehe 6 Julai, wakamchoma Jan Hus, mhubiri wa Prague, huko Bohemia. D'Ailly, yule kardinali wa miujiza michache, alikuwa miongoni mwa waliomhoji.

Na silaha iliyotumika kuwanyima watu kikombe ni hilo fundisho la dada muuguzi, kwamba Kristo mzima yumo katika kila umbo. Lililomfariji mama mgonjwa ndilo lililomfungia mlango mtu mwenye afya. Bwana alisema, "Nyweni nyote katika hiki." Hakusema mapadre.

MUUGUZI, BUKAVU

Ndugu, hilo sikuwahi kulifikiria. Yule mama hakuweza kunywa. Lakini sisi tuliokuwa tumesimama pale tuliweza.

MLETA MADA

Najua mtu atanijibu kwa niaba ya Konstanz: hofu ya kumwaga Damu Takatifu, umati mkubwa, divai adimu nchi za kaskazini, magonjwa. Sababu hizo ni za kweli na waamini wenyewe walikuwa wameanza kukiogopa kikombe kabla ya kukatazwa. Lakini kuna tofauti kati ya desturi iliyofifia na sheria ya kumwadhibu anayeirudisha. Baadaye hata Wabohemia walikubaliwa kikombe chao, katika mapatano ya mwaka 1436, baada ya vita vya miaka mingi. Kilichowezekana 1436 kilikuwa kinawezekana 1415, Hus akiwa hai.

Fundisho la Kristo mzima katika kila umbo nalitetea hadi kufa. Lakini fundisho linalosema "huwezi kukosa kitu" lisigeuzwe kuwa "kwa hiyo usipewe." Hapo nasimama na ndugu yangu wa Arusha. Na tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano mlango umefunguliwa. Kwetu parokiani bado hatuupiti isipokuwa kwa nafasi chache.

Nafasi moja niliipata mimi. Siku ya ndoa yetu padre alitupa kalisi, mimi na mke wangu, mbele ya kanisa zima. Mikono ya mke wangu ilikuwa na hina na ilikuwa inatetemeka, padre akaishika kalisi kwa chini ili isidondoke. Divai ilikuwa tamu kuliko nilivyotegemea, na ilikuwa na joto la siku ile. Mke wangu alipomaliza alibaki ameishika kidogo kabla ya kuirudisha.

Ni miaka 41 sasa. Kila Jumapili nampokea Kristo mzima na sina shaka hata chembe. Na kila Alhamisi Kuu padre akisema yale maneno na kuinua kalisi, mke wangu hunigusa kiwiko.